Nyumba ya Mama Atupele

Enzi zetu, na msinicheke, najua bado navaa kaptula na kengele ya shule bado inanikimbiza, lakini kila mtu ana enzi zake, na zangu zimekwisha mapema. Enzi zetu pale Kalenga, mvua zikikatika na mahindi yakishaingia ghalani, hukumkuta mtoto kwao. Wote tulikuwa kwa Mama Atupele.

Mama Atupele alikuwa Mnyakyusa aliyeolewa kwetu Uheheni. Kila kiangazi aliikandika nyumba yake upya kwa udongo na samadi, kisha akazipamba kuta kwa udongo wa rangi. Sisi ndio tuliokuwa vibarua wake. Udongo mwekundu tuliuchimba kwenye vichuguu, mweupe kando ya mto, na weusi ulitokana na masizi tuliyokwangua kwenye vyungu vya mama zetu. Nilichapwa kwa wizi wa masizi, na sijasikia mwizi mwingine aliyeteswa kwa mali hiyo. Mama Atupele alichovya vidole, akachovya gunzi la mahindi na kuliviringisha ukutani, na hapo ng'ombe wakatokea, milima ikatokea, hata lori la Mhindi lililokwama matopeni, dereva kichwa kikubwa kuliko lori lenyewe. Tukimaliza alituchomea viazi. Mama yangu akipita na maji kichwani alikuwa akisema, "Mwanamke huyu anaipambia mvua." Na kweli, masika yalikuja yakaosha kila kitu. Mwenyewe hakununa. Kiangazi kingine alianza tena, na picha nyingine kabisa.

Nikaja shule ya kati, Iringa mjini. Mwalimu wa kuchora alituwekea birika mezani, wiki nenda wiki rudi birika lile lile. Niliuliza kama kuna siku litatiwa chai, nikapata bakora. Kisha ikatangazwa kwamba picha za shule zote zitaonyeshwa Mbeya, bomani, na atakayeshinda atapelekwa kusomea uchoraji. Hapo mzaha ulinitoka. Nafasi ile niliitaka mpaka chakula kikanishinda.

Wenzangu walichora birika. Mimi nilishuka mtoni kuchimba udongo, nikaokota gunzi jikoni, nikachora nyumba ya Mama Atupele, lori na kila kitu. Mwalimu aliitazama, kisha akachukua kalamu ya wino, akaandika jina la picha juu na langu chini. Ikatiwa katika bahasha, bahasha ikapanda lori la Mbeya.

Barabara ile mnaijua. Kabla hujafika Nyololo meno yamekwisha kulegea, na Rujewa bado iko mbele. Udongo hushika ukuta wenye samadi. Karatasi haina pa kuushikilia. Hilo sikuliwaza, maana picha za Mama Atupele hazikuwahi kusafiri. Bahasha ilipofunguliwa Mbeya ilikuwa na karatasi tupu na vumbi la kujaza kikombe. Ikarudishwa. Mwalimu alinikabidhi mbele ya darasa.

"Kijana, umewapelekea Mbeya vumbi," alisema. "Kwani kule hawana la kwao?"

Darasa lilicheka. Nilicheka kuliko wote, maana ningenyamaza wangejua. Aliyeshinda alichora birika.

Likizo nilikwenda na karatasi yangu kwa Mama Atupele. Nilijua yeye, aliyezoea kuoshewa picha na mvua, hataniona mjinga. Nikaipita nyumba yake nisiijue. Ilikuwa imepakwa chokaa, nyeupe tupu. Mkwe wake, karani, alikuwa amesema picha za udongo ni ushamba.

"Kamwene, mama," nikasalimu. "Mwaka huu hatuchori?"

Akaficha vidole ndani ya kanga. "Nimeambiwa nisiuchafue ukuta, mwanangu."

Karatasi sikuitoa.

Watoto wa siku hizi pale Kalenga wana kucha safi kama za makarani. Ukiwauliza kichuguu chenye udongo mwekundu kiko wapi, wanakutazama kama umeulizia mzimu. Akijitokeza mmoja akachora kwa mkaa kwenye ile chokaa, anachapwa, na viazi hapewi.

Karatasi nimeibandika juu ya kitanda changu bwenini. Juu imeandikwa Nyumba ya Mama Atupele, chini jina langu, katikati nyeupe. Wenzangu wananitania kila jioni. Wacha wanitanie. Sijawahi kuchora kitu kikafanana vile.