Wafalme Kumi na Mmoja kwenye Bariyeri ya Sange

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuiamini ramani. Ilikuwa ndani ya kitabu kinene cha Kifaransa nilichokiokota Uvira, mbele ya nyumba ya Mbelgiji aliyekimbia baada ya uhuru. Kifaransa nilijifundisha peke yangu, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuniambia kwamba kuna watu wanaobuni nchi nzima, milima yake, lugha yake na wafalme wake kumi na mmoja, kwa kujifurahisha tu. Nilisoma miezi minne nikidhani ni jiografia. Kurasa za mwisho hazikuwepo. Muuza ndagala alikuwa amezitumia kufungia samaki wake wadogo.

Katekista wa kanisa letu alinicheka, akanieleza kwamba ni hadithi tu. Sikuacha. Niliinakili ramani katika daftari mara tisa, kwa sababu mara nane mto ulikosea kona. Nakiri kwa aibu kwamba njia za nchi ile nilizijua kuliko njia ya kwenda Runingu, kwa shangazi yangu.

Uasi ulipofika, mama alinituma nikajifiche kwa mjomba, kule Lemera. Alisema nibebe chakula. Nilibeba chakula na daftari.

Njiani, pale Sange, waasi walikuwa wameweka bariyeri ya magogo. Waliniamuru nifungue mfuko, daftari likaanguka, likafunguka penye ramani: ziwa refu, milima magharibi, mto ukiingia kutoka kaskazini, na misalaba midogo niliyoweka penye kambi za majeshi.

"Hii ni muto Ruzizi," komanda wao alisema. "Na misalaba ni sisi. Weye ni mupelelezi."

Wapelelezi walipelekwa nyuma ya ghala la mpunga, na hawakurudi.

Lakini waasi wale walikuwa wamekunywa dawa ya vita, na mganga aliwakataza kumgusa mtu ambaye hakuinywa, au kitu chake. Hivyo ilibidi mimi mshtakiwa nishike ushahidi wangu mwenyewe juu ya kichwa.

"Inua. Kidogo kushoto. Usitetemeke, milima inacheza."

Nilimwomba komanda msamaha kwa ajili ya milima. Kisha mdomo wangu ukasema wenyewe: "Si Ruzizi, komanda. Ruzizi inapinda zaidi."

"Sasa iko inchi gani?"

"Haiko popote. Kuna mtu aliibuni."

Alifikiri. "Na iko na mfalme?"

"Kumi na mmoja."

"Wataje."

Nikawataja. Akaniamuru niwataje tena, kuanzia mwisho, maana uongo haujui kurudi kinyumenyume. Nilifika katikati, na mpiganaji aliyekaa juu ya gunia akasema, "Umemuruka kipofu."

"Kweli," komanda alisema. "Kipofu iko wapi?"

Ilinibidi nieleze: mfalme kipofu alifukuzwa na mdogo wake, akakimbilia mlimani, jeshi likauzingira mlima. Nyuma yangu foleni ilirefuka. Mwasi mmoja alitaka kukagua muhogo wa mama mmoja, naye mama akamwambia, "Ngoja kwanza, baba. Minye nataka kujua kama anashuka."

"Anashuka?" komanda aliniuliza.

"Sijui. Kurasa hizo zilifungiwa ndagala."

"Muntu anajua wafalme wote, mwisho hajui," komanda alisema polepole. "Huyu ndiye mupelelezi kabisa." Akatazama ghala.

Sikuwahi kuongeza hata neno moja kwenye kitabu cha mtu. Kwangu ilikuwa kama kughushi cheti cha ubatizo. Lakini nilisema: mfalme alishuka asubuhi, peke yake, akipapasa njia kwa fimbo. Walinzi wa mdogo wake walikuwa wamekula kiapo wasiguse mtu wa damu ya kifalme. Basi akapita katikati yao, nao wakabaki kumtazama, mikuki mikononi.

Waasi walitazamana.

"Ikikatazwa, imekatazwa," alisema yule wa juu ya gunia.

Komanda akasogeza mguu wake kutoka njiani. "Pita. Lakini ile kona ya muto, tengeneza. Itauwisha muntu."

Nilipita nikiwa bado nimeinua daftari. Hakuna aliyeniambia nishushe. Nililishusha karibu na njia ya kupanda Lemera, mikono ikiwa imekufa ganzi.

Sijainakili tena ramani ya mtu mwingine. Ninaandika hadithi zangu, na nikimruka mfalme mmoja, ninaendelea.