Madam Wamuyu na Mbwa Aliyeitwa Githeri

Katika shule zote alizowahi kuongoza, Wamuyu hakuhitaji kengele. Alikuwa akitokea mlangoni mwa ofisi, akivua miwani, na uwanja mzima ukinyamaza. Hata baada ya kustaafu na kuhamia shambani kwake, nje kidogo ya mji wa Njoro, wanaume waliokuwa wakivuta sigara kando ya barabara walizificha mgongoni walipomwona Madam akija. Baadhi yao walikuwa na wajukuu.

Kisha binti yake Mitchelle akamletea mbwa.

Alikuja naye ndani ya sanduku la kadibodi, siku chache kabla ya kuondoka kwenda kufanya kazi Kigali. Wamuyu akachungulia. Mle ndani mlikuwa na kitu kifupi, kipana, chenye kichwa kilichoonekana kuazimwa kutoka kwa mnyama mkubwa zaidi.

"Huyu ni mbwa aina gani?"

"Staffordshire terrier."

"Stafodi nini?"

"Wewe mwite Stafodi tu, Mum. Ni wapole sana. Wanapenda watu."

"Na hiyo taya yote ni ya kupenda watu?"

Mitchelle akajifanya anatafuta simu kwenye mkoba. "Sitaki mkae wawili tu na Cucu kwa hii boma," akasema mwishowe. "Mtamzoea."

Cucu Nyakio, mamake Wamuyu, alikuwa ameketi barazani akipukuchua mahindi. Miguu ilikuwa imechoka lakini ulimi bado. Alimtazama yule mbwa mweupe mwenye mabaka ya kahawia, mekundu na meusi yaliyotapakaa ovyo mwilini, akasema, "Huyu ni githeri kabisa. Kama imetoka kwa sufuria: mahindi iko, hata maharagwe iko." Jina likabaki hilo.

Wiki ile ya kwanza Githeri alitafuna mguu wa kigoda, rimoti ya televisheni, na kitambaa cha kichwa ambacho Wamuyu alikivaa kwenye mikutano ya Guild, chama cha akina mama wa kanisa lake. Viatu alivila kwa mpango. Hakumaliza jozi hata moja. Alichukua kimoja hapa, kimoja pale, hadi Wamuyu akabaki na viatu vingi vya mguu wa kushoto. Alikojoa kwenye mkeka, akaonyeshwa nyasi, akazikagua nyasi kwa makini, kisha akarudi mkekani. Akicheza alishika mikono ya watu kwa meno yake madogo, makali kama miiba ya kayaba. Akifungwa kamba atembezwe, yeye ndiye aliyemtembeza mtu.

Jioni moja Wamuyu aliona imetosha. Akasimama katikati ya sebule, akajinyoosha, akavua miwani na kumtazama yule mbwa kwa lile jicho lililonyamazisha vizazi. Githeri akamtazama pia, mkia ukipiga sakafu. Kisha akaruka, akaichukua miwani mkononi mwake na kuingia nayo chini ya kochi.

Cucu Nyakio alicheka mpaka akahitaji maji.

Jirani yao upande wa pili wa ua, Makokha, babake Joyline, hakuwa akicheka. Alikuwa fundi wa matrekta, mtu mkubwa mwenye sauti ya chini, na wakulima wa ngano walimjia kutoka hata Rongai. Alipokuwa mdogo kule Webuye mbwa alimng'ata kwenye shavu la mguu, na alama bado ilikuwepo. Siku alipomwona Githeri langoni alisimama mbali.

"Madam, hiyo ni pitbull. Nimeona kwa simu. Ikishika kitu haiachi."

"Si pitbull, Baba Joyline. Ni Stafodi. Na bado ni mtoto."

"Hata simba huwa mtoto kwanza."

Wamuyu akainama kuuvuta upindo wa sketi yake, kwa sababu wakati huo Githeri alikuwa ameushika na kwa kweli hakuwa akiuachia.

Ndipo akaenda kwa Jebet, daktari wa mifugo aliyemchanja yule mbwa, ambaye kila Jumamosi asubuhi aliwakusanya watu na mbwa wao wachanga kwenye kiwanja cha nyasi nyuma ya kliniki yake. Wamuyu alifika mapema, akasimama mbele, kama alivyowataka wanafunzi wake wafanye. Nusu saa baadaye kila mbwa alikuwa amejua kuketi isipokuwa mmoja. Githeri alikuwa amelala chali, miguu juu, akingoja kukunwa tumbo.

"Kaa," Wamuyu alisema. "Kaa chini. Githeri, kaa. Nimesema kaa."

Jebet akachuchumaa kando yake. Alikuwa binti mpole, asiye na haraka. "Madam, nyumbani nani mwingine anaongea na huyu?"

"Mama yangu."

"Yeye humwambia aje?"

"Ikara thĩ. Yeye ni Gĩkũyũ tu."

"Na kabla ya hapo?"

"Kwa Mitchelle ilikuwa 'sit'. Hata saa hii akipiga simu ya video anamwambia 'sit'."

"Basi si mkaidi," Jebet akasema. "Amechanganyikiwa. Chagueni neno moja, wote mtumie hilo, na mliseme mara moja tu. Akifanya, mpe kipande cha maini hapo hapo. Asipofanya, nyamaza, ungoje. Na akitoroka usimkimbize. Ukimkimbiza, kwake huo ni mchezo, na ana miguu minne. Kaa chini, mpe mgongo, mwite mara moja."

"Nikae chini wapi?"

"Popote utakapokuwa, Madam."

Wamuyu alirudi nyumbani na kumweleza mamake kwamba kuanzia leo wangetumia Kiswahili. Cucu Nyakio akaendelea kupukuchua mahindi.

"Nimeongea Gĩkũyũ na ng'ombe, nikaongea na mbuzi, nikaongea na baba yako. Wote walinielewa. Mbwa ndiye atanibadilisha?"

Wamuyu alimjua mamake. Kwa hiyo yeye ndiye aliyebadilika. Ikara ikawa kuketi, Ũka ikawa kuja, na Mitchelle akapigiwa simu na kuamriwa arudi kwenye lugha ya mama. Ilibidi pia Cucu akomeshwe kumrushia Githeri ugali chini ya meza kila alipobweka, na hilo lilikuwa gumu kuliko kumfundisha mbwa. Hata hivyo, kidogo kidogo, mambo yakaanza kukaa sawa. Kuna asubuhi Wamuyu alisema "Ikara" mara moja tu, akanyamaza, akangoja huku ulimi ukimwasha kwa hamu ya kurudia, na yale makalio mapana yakashuka polepole hadi chini. Alimpa maini. Kisha akajikuta amempa mengine, na kumsifu kwa sauti ambayo hakuwahi kumsifu nayo mtoto yeyote aliyepita shuleni kwake.

Basi ikafika Jumapili moja ya mwezi wa Mei. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Wamuyu alikuwa akitoka kanisani na wenzake wa Guild, sare imepigwa pasi, wakitembea kando ya barabara wakikwepa matope. Walipokaribia karakana ya Makokha wakamwona mwenyewe amesimama juu ya boneti ya trekta, gambuti mguu mmoja, soksi mguu mwingine. Chini barabarani alikuwepo Githeri, gambuti la pili mdomoni, akitikisa kichwa kwa furaha hata lile gambuti likawa linampiga masikioni. Upepo ulikuwa umelifungua lango la Wamuyu.

"Madam," Makokha akaita kutoka juu. "Mtu wako amekuja."

Wamuyu akasahau yote aliyofundishwa. Akakimbia. Githeri akaona sherehe imeanza, akakimbia pia. "Githeri," Wamuyu akapaza sauti. "Githeri. Githeri." Mama mmoja akachomoza kichwa kwenye kibanda chake cha chakula na kumjibu, "Imeisha, Madam. Iko chapati na ndengu." Wanafunzi wawili wa chuo waliokuwa wamepanga chumba hapo karibu wakatoka na mabakuli, wakatazama huku na kule, wakauliza inauzwa wapi. Mbwa akazunguka kibanda, akapita kati yao, akasimama, akangoja Wamuyu amkaribie, akatimka tena.

Pumzi zilipomwishia, maneno ya Jebet yakamrudia. Akatazama chini. Palikuwa na nyasi kidogo na matope mengi. Akawatazama akina mama wa Guild, ambao walikuwa wamesimama, mikoba vifuani. Akamtazama Makokha juu ya trekta. Kisha Madam Wamuyu, ambaye hakuna mtu Njoro aliyewahi kumwona hata ameegemea ukuta, akageuka, akampa mbwa mgongo, akaketi chini matopeni.

"Ũka," akasema. Mara moja.

Maji baridi yalipenya sketi. Alitamani kuangalia nyuma, akajizuia. Halafu akasikia kuhema, na nyayo zikipiga tope, na gambuti zito lililolowa mate likaanguka mapajani mwake. Kichwa kikubwa kikafuata na kuegemea bega lake.

"Ikara."

Githeri akaketi.

Kicheko kikampanda Wamuyu kutoka mahali ambapo hakupajua, akacheka hadi miwani ikaingia ukungu. Mugure, mwenyekiti wa Guild, akasogea. "Madam, tukusaidie kuinuka, ama na sisi tukae?"

"Ngojeni kwanza. Baba Joyline, shuka uchukue kiatu chako."

"Kitupe tu."

"Nikikitupa atadhani bado tunacheza. Shuka polepole."

Ilichukua muda. Makokha alishuka mguu mmoja, akafikiri, akashusha wa pili, akaja akitembea upande upande na soksi yake imelowa. Wamuyu alifungua mkoba wa kanisani, na kando ya Biblia akatoa mfuko wa plastiki wenye vipande vya maini.

"Umeenda na maini kwa ibada?" Makokha akauliza.

"Weka moja kwa kiganja. Kinyooshe, usikunje vidole."

Makokha akaunyoosha mkono ule wa kuinua injini, akageuza uso pembeni. Githeri alinusa, akachukua maini kwa midomo, taratibu, kisha akalamba kiganja kizima mpaka katikati ya vidole.

"Kwani hana meno?" Makokha akanong'ona.

"Anayo. Uliza viatu vyangu."

Makokha hakugeuka mpenzi wa mbwa siku hiyo. Alichukua gambuti lake na kwenda zake. Lakini siku iliyofuata alikuja na mashine yake ya kuchomelea, akalitengenezea lango komeo jipya, na muda wote alioifanya ile kazi aliongea na Githeri, aliyekuwa amefungwa barazani. Alimweleza habari za matrekta. Alipomaliza, akamwomba Cucu amfundishe yale maneno mawili. Aliyasema kwa lafudhi ya Kibukusu, na Cucu akamfanya ayarudie mara nyingi.

Siku hizi, mvua ikikatika jioni, utawaona wote watatu, Wamuyu, Makokha na Githeri, kwenye njia ya katikati ya mashamba ya ngano. Juzi Makokha alisema angependa kujaribu kushika kamba yeye mwenyewe.

"Una uhakika?" Wamuyu akamuuliza.

"Madam, mimi huvuta trekta."

Akapewa. Sungura akakatiza njia mbele yao, na kitu cha mwisho Wamuyu alichokiona ni mgongo wa fundi wa matrekta ukizama kwenye ngano, na alichokisikia ni sauti yake nzito ikisema, kwa upole na bila matumaini, "Ikara. Ikara, tafadhali."