Manjano Ndani ya Oili

Juzi, kwenye gereji moja ya Masumbwe, nilimwona fundi akimwaga oili ya difu, zile gia za ekseli ya nyuma, kutoka kwenye trekta kuukuu. Harufu yake, kama chuma kilichoungua, ilinirudisha nyumbani utotoni, kwenye trekta la baba.

Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha na majirani walishaanza kulima. Trekta letu lilikuwa likikwaruza kwa nyuma kila lilipoondoka. Fundi Maganga alizima injini, akainua magurudumu ya nyuma kwa jeki, akayazungusha kwa mkono huku ametega sikio. Mkwaruzo ukasikika.

"Injini haina kosa," alimwambia baba. "Ugonjwa uko kwenye difu."

Akafungua nati ya chini. Oili nyeusi ilitiririka kwenye karai, na ndani yake ziling'aa chenga za manjano. Nilikuwa nimewaona wajomba wakiosha mchanga wa machimboni kwenye karai kama lile.

"Baba, dhahabu," nilisema.

Fundi alicheka, akaniita mama kwa Kisukuma chake. "Kabula, mayu, dhahabu ya hivi humfukarisha mwenyewe."

Baba hakucheka. Leo najua ile ilikuwa shaba ya bushi, pete laini za ndani ya difu, iliyosagwa na gia zilizolegea, na ikionekana kwa wingi hivyo, meno ya gia nayo yamekwisha. Wakati ule nilikimbilia jikoni kutangaza. Mama alikuja na unga mikononi, akitabasamu.

"Baba Kabula, ni kweli?"

Baba alilitazama karai, kisha mawingu.

"Toa majembe ya mkono," alisema. "Tuanze leo, kabla jua halijazama."