Aliyembeba Mama

Mwaka ule mvua za masika zilipoingiza maji ndani ya nyumba yetu ya Mtoni, nilimbeba mama yangu mgongoni. Mie, si mtu mwingine. Maji yalinifika mapajani, na mama alinikaba shingo huku akisoma dua sikioni mwangu. Njiani, bati lililolala chini ya maji lilinichana mguu. Sikusimama mpaka nilipomfikisha kwenye ngazi za msikiti, penye mwinuko.

Mdogo wangu wa kike siku hiyo alikuwa Morogoro, akifundisha. Alipiga simu jioni.

Miaka michache baadaye mama akaanza kusahau. Kwanza aliacha jiko likiwaka, kisha akawa anawaulizia watu waliokwisha kufa. Lakini mafuriko hakuyasahau. Kila mgeni aliyeingia alisimuliwa, na mama alijua kusimulia: maji, dua, kuku wa jirani aliyepanda juu ya friji. Kitu kimoja tu kilibadilika. Aliyembeba alikuwa mdogo wangu.

"Mwembamba vile," alisema, "lakini alinibeba kama mtoto."

Nami nilikuwa hapo hapo, nikimkata kucha.

Sitaficha: wivu ulinikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ni mie niliyemwogesha, niliyemfulia, niliyefunga genge langu la mboga ili nishinde naye. Mdogo wangu alikuwa amehamia Mbezi Luis, anakuja mara moja kwa mwezi, na mama akimwona tu uso unamkunjuka. Utotoni ilikuwa vivyo hivyo. Yeye alipakatwa, mie nikatumwa dukani. Hayo nilikwisha kuyameza. Lakini mgongo wangu? Hata mgongo wangu apewe yeye?

Ijumaa moja wenzake mama wa msikitini walikuja kumjulia hali, na mdogo wangu naye alikuwepo. Mama akaanza hadithi yake. Alipofika penye kubebwa, mdogo wangu akatabasamu, hakukanusha. Nikashindwa kuvumilia.

"Mama, ni mie niliyekubeba! Huyu hata Dar hakuwepo!" Nikapandisha gauni mpaka gotini, nikauweka mguu mbele yake. "Kovu hili hapa. Muulize na yeye."

Mama alilitazama kovu, kisha akawatazama wenzake mmoja mmoja.

"Kwa hiyo mie nimekuwa mwongo?" aliuliza.

Wageni walipoaga, mdogo wangu alinifuata uani.

"Dada, najua ni wewe," alisema. "Mara ya kwanza nilimkatalia, kwenye simu. Akalia. Ndiyo maana naitikiaga tu."

Nilikuwa nimeshinda, na nilitaka ushindi wangu.

Ushindi wenyewe ulikuwa huu: mama aliacha kusimulia. Watu walikuja, yeye akakaa ameshika ncha ya kanga, akiitikia salamu tu. Nikimuuliza kitu, hata kumuuliza tu kama ameshiba, alinitazama kwanza usoni kutafuta jibu lililo sahihi. Mwanamke aliyekuwa akichekesha mtaa mzima alikuwa ananiogopa, mie mwanawe.

Wiki ya tatu jirani mmoja aliyehamia karibuni akaja kumpa shikamoo. Nikaketi mkekani karibu na mama.

"Mama, msimulie mgeni siku ya mafuriko."

Alisita. "Nani alinibeba?" akaninong'oneza.

Jibu la kweli lilikuwa ulimini. "Mdogo wangu," nikasema.

Akaanza taratibu, halafu sauti ikapata nguvu, mikono ikaruka hewani. Alipofika kwa yule kuku, jirani alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Umebahatika, dada, kuwa na mdogo kama huyo," aliniambia.

Nikasema ni kweli. Iliniuma, na bado inaniuma kila mama anaposimulia. Siku ile alipomaliza aliomba uji, akanywa kikombe kizima.