Jeli ya Pete Inataka Kupoa Polepole

Maabara nzima walimwita Mbio, naye wala hakununa. Hata nyumbani chakula hukiepua kabla hakijaiva. Mume wake anatafuna na kusifia, atafanyaje.

Alikuwa fundi wa maabara, na kazi yake ilikuwa kutengeneza jeli ya pete. Jeli za kawaida nyuzi zake zimegandishana, ukivuta zinakatika. Hii ilitakiwa iwe na pete ndogo ajabu, zimepitana kama mnyororo, ukivuta zinateleza tu. Ujanja ulikuwa kwenye ncha: kila uzi ulibandikwa vipande vya DNA, yenye herufi nne. A humshika T, G humshika C, basi. Uzi ukipenya ndani ya pete, ncha zake mbili zinatafutana, zinashikana, na hapo pete mpya imezaliwa ndani ya mwenzake.

Ila mchanganyiko lazima upashwe moto, kisha upoe polepole, kutwa nzima. Mbio alishautumbukiza kwenye barafu ili amalize mapema. Ncha zikakurupuka, kila moja ikamkumbatia aliye karibu, awe wake au wa watu. Akapata maji yenye mabonge.

Sasa unga wa nyuzi hizo uliobaki ulitosha jaribio moja tu, na mkuu wa maabara alishasema: "Mwanangu, leo isipoganda, meza hii nawapa wengine."

Asubuhi Mbio akakizamisha kichupa chenye mchanganyiko kwenye beseni la maji moto, akaliacha lipoe lenyewe. Kisha akaikalia mikono yake.

"Dada, unaumwa?" akauliza mwenzake wa meza ya jirani.

"Niache. Nangoja."

"Wewe? Hebu nikupige picha!"

Akaosha vyombo vyote, vyake na vya watu, hadi vilivyokuwa safi. Mchana mkono ukamponyoka kuelekea kwenye kichupa. Mwenzake akauchapa kofi. "Toa huo mkono!"

Jioni maji yakawa baridi. Mkuu akaja. Mbio akafumba macho, akakipindua kichupa.

"Imemwagika?"

"Fumbua ujionee."

Jeli ilikuwa imeng'ang'ania kulekule juu, haijadondosha hata tone. Akaitoa kwa kibanio, akaivuta; ikarefuka hadi upana wa kiganja. Akaiachia, ikarudi. Akaivuta tena, na tena.

"Inatosha, utaikata!"

"Haikatiki, mzee," Mbio akasema, anacheka huku machozi yanamtoka. "Na meza sihami."