Chumvi Isivuke Mlango Huu

Mama Kolea alipewa jina hilo na mafundi ujenzi, ambao hushiba kwenye kibanda chake cha chakula kila mchana na kudai kwamba wake zao hawajui kupika. Maharage yake hukolea chumvi mpaka fundi anaomba mchuzi mwingine kabla hajagusa wali. Basi ugonjwa, kwa kukosa adabu, ukachagua figo za mwanawe wa miaka minne.

Mtoto alivimba uso hadi macho yakawa mistari miwili. Alilazwa, akapata nafuu, na daktari akamruhusu kwenda nyumbani kwa sharti moja: asionje chumvi, hata chembe. Uvimbe ukirudi, alisema, huenda figo zisihimili tena.

Mama Kolea hakutaka mwanawe ale peke yake chakula cha adhabu, kwa hiyo nyumba nzima ikapikiwa bila chumvi. Mumewe, dereva wa lori, alikula kwa uso wa mtu aliyefiwa, kisha akaanza kushibia kwa marafiki. Mdogo wa mumewe akaja kutoa somo.

"Shemeji, mimi nakula chumvi tangu utoto, na figo zangu hizi hapa," alisema huku akijipiga kitambi.

Kama figo zake zilikuwa hapo alipopiga, yeye ndiye aliyestahili kulazwa.

Aliyeumia zaidi ni mama mkwe. Alihamia pale kumwangalia mjukuu wakati mama yuko kazini, na kutwa alikuwa akinilalamikia mimi, jirani wa ukuta mmoja.

"Hata mfungwa anapewa chumvi," alisema.

Nikamwambia afunge mdomo. Alifunga mdomo, akafungua mkoba.

Asubuhi moja macho ya mtoto yakawa mistari tena. Mama Kolea aligeuza mto, akakuta kikaratasi kimekunjwa. Ndani mlikuwa na chumvi, na katikati yake kishimo cha kidole kidogo kilichokuwa kikichovya.

"Mama, hii umempa wewe?"

"Kidogo tu, mwanangu. Alikuwa hataki kula. Alikuwa ananitazama."

"Hiyo kidogo ndiyo inamrudisha wodini."

Bibi alikaa kitako sakafuni. Nilikuwa nimejiandaa kumsuta, nikashindwa.

Figo zilihimili, ila kwa kusuasua. Mtoto aliporudi, Mama Kolea aliweka kiti mlangoni, akawa anapekua kila anayeingia. Shemeji alitolewa karanga kwenye soksi, akaapa kwamba ni za kwake mwenyewe, kana kwamba ndiyo desturi ya wanaume kuhifadhi vitafunio miguuni. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha wanawake alikuja na hotuba ndefu ya faraja pamoja na pakiti ya krispi. Hotuba iliruhusiwa kuingia. Mimi niliambiwa nikung'ute mikono ya gauni, nikanuna kwa siku kadhaa, na hakuna aliyejali. Mama mkwe yeye hakungoja kuulizwa. Kila akitoka dukani alimwaga mkoba wote juu ya kiti, akavua na kilemba.

Jioni moja Mama Kolea alirudi kutoka kwenye majiko yake, mkoba begani, jasho limemkaukia mwilini. Mtoto, ambaye sasa alikuwa ameanza tena kukimbia, alimrukia, akamkumbatia shingo na kutulia hapo. Tukatazamana na bibi, tukatabasamu. Wajinga sisi, tulidhani ni mapenzi matupu. Kisha tukauona ulimi.

"Mama, una chumvi," alisema mtoto, amefurahi kweli.

Mama Kolea alibaki amesimama palepale. Mwanamke aliyepekua mpaka soksi za watu hakujua sasa aiweke wapi shingo yake. Machozi yakamlengalenga, yakaanza kuteremka mashavuni, na mtoto akayatazama kwa hamu.

Mama mkwe aliinuka kwenye kile kiti cha mlangoni. Alimchukua mjukuu, akanipakatisha mimi, akaenda kuchota maji kwenye beseni na kurudi na sabuni.

"Usilie karibu yake," alimwambia mkwewe. "Inama nikuoshe. Na huo mkoba uache hapo nje."

Mama Kolea aliweka mkoba chini, akainama.