Sambusa za Suad na Samoni wa Hayes

Binamu yangu Suad ni Mpemba wa Wembley, huku ughaibuni, na kazi yake serikalini ni kuwakutanisha watu wasiotaka kukutana. Nyuma ya maghala ya Hayes kuna mto wenye lango la chuma. Samoni, samaki waliomwagwa humo wakiwa vifaranga, wakaenda kukulia baharini, walitarajiwa kurudi kuzaa, na lango lilitakiwa lifunguliwe kabla hawajafika. Ila lango ni la idara moja, maji ni ya nyingine, ukingo ni wa baraza la mtaa, na samaki nao wana ofisi yao. Bila wote kukubali, halifunguki. Suad alilihangaikia kama mtu anayeuguza mtoto.

Aliwaita wakubwa wa idara hizo vikaoni, hawakuwa wakija. Mama yake akamwambia, "Mwanangu, watu hawaitwi kavukavu. Tia kitu mezani."

Ndivyo tulivyolelewa, na hapo ndipo tulipokosea. Tulikaanga sambusa, Suad akazifunika kwa kawa la ukindu, akaenda nazo. Wakaja wote! Wakala, wakasifu pilipili. Ann, mwenyekiti, akajipangusa midomo.

"Tumepiga hatua kubwa. Tuendelee mwezi ujao. Suad, utaleta tena?"

Kwetu, aliyekula chakula chako huona haya kukunyima. Hawa haya hawana. Kila mwezi walikula, kila mwezi wakaahirisha. Mimi niliyekuwa nikizikunja sambusa hizo, naapa nilitamani ziwakwame kooni.

Samoni walifika Oktoba. Maji chini ya lango yalikuwa haba, nao wakajigonga kwenye chuma mpaka wakafa. Suad aliwakuta wanaelea matumbo juu. Alilia palepale ukingoni, akanipigia simu.

Kikaitishwa kikao cha dharura. Suad akaingia na sinia, kawa juu yake, na nyuso zikachangamka. Ann akafunua mwenyewe. Ndani alilala samoni jike, amekufa, tumbo limejaa mayai.

"Karibuni," Suad akasema.

Mtu wa maji akasema huyu keshatoka majini, hamhusu. Wa ukingo akasema hayuko ukingoni. Wa samaki akaeleza kwamba ofisi yake inashughulikia walio hai tu. Ann akapendekeza suala la nani amwondoe lijadiliwe mwezi ujao.